Mkoba Niliousalimisha

Jumatatu, 11 Machi

Asubuhi kwa Onyango, ng'ambo ya kijito. Madume matatu ya kuhasi. Mawili yalitulia, la tatu likanipiga teke la paja. Onyango akacheka hadi akashika mti. Paja limevimba. Nimelikanda kwa maji ya chumvi, bado linauma.

Mchana ndama wa mjane Apiyo, ndigana, ile homa ya kupe. Nimemchoma sindano. Sidhani atapona, nimemwambia mama wa watu ukweli.

Jioni taarifa ya Bunge redioni. Wabunge wanazungumza Kiingereza, sisi tunapewa Kiswahili kwa ufupi. Leo wamejadili muswada wa madaktari wa mifugo. Atakayetibu mnyama bila cheti atashtakiwa. Nilizima redio kabla ya habari za mpira.

Cheti sina. Nilichonacho ni miaka kumi na tisa Kitale, nikimfuata daktari mzungu shamba hadi shamba, nikimshikia ng'ombe, kisha nikitibu mwenyewe yeye akiwa amelala na malaria. Alipokwenda kwao baada ya Uhuru aliniachia mkoba wake. Naandika shajara hii kwa Kiswahili kwa sababu ripoti nilizomwandikia zilikuwa za Kiswahili. Mkono umezoea.

Jumatano, 13 Machi

Mjadala umeendelea. Mbunge mmoja amesema huku vijijini kuna watu wanatembea na sindano chafu, wanajiita daktari, wanamaliza mifugo ya maskini. Sindano zangu nachemsha. Na daktari sikujiita, nimeitwa.

Nina hasira. Sikula vizuri.

Mama Atieno, mke wangu, aliniuliza nina nini. Nikamwambia serikali imenifuta kazi ambayo haikunipa. Akasema nile kwanza. Kisha akaenda kumkamua ng'ombe wa Atieno.

Ng'ombe huyo hakamuliwi na mtu mwingine. Alitoka Asembo na mahari ya binti yetu, akiwa mtamba bado. Atieno alifariki mwaka jana kwa homa, huko huko kwa mumewe, hakuacha mtoto. Wakwe walikuwa na haki ya kurudishiwa ng'ombe wao, na wengine tuliwarudishia. Huyu mmoja wakamwachia mama yake. Walisema abaki na kitu cha kukamua. Kila asubuhi namsikia mke wangu akimpa habari za nyumbani, nani ameolewa, nani ameumwa.

Ijumaa, 15 Machi

Baraza la chifu huko Pap Onditi. Naibu wa chifu amesimama juu ya kiti na kutangaza: "Hii maneno ya kudunga ng'ombe ovyo imekwisha. Bunge imesema. Sisi hapana cheza na serikali." Watu wakageuka kunitazama. Mzee mmoja akaguna, "Basi daktari wetu amestaafu." Wakacheka kidogo. Sikucheka.

Mimi ni mtu wa kushika sheria. Kitale ikitangazwa karantini saa nne, saa tano hakuna ng'ombe anayevuka barabara. Nilisimama kwenye vizuizi hivyo mwenyewe. Nimewarudisha watu na ng'ombe wao wakilia, wengine wakiwapeleka kulipia mahari. Sikumwonea mtu huruma. Tangazo ni tangazo. Sasa limenifikia mimi, nifanyeje?

Kesho napeleka mkoba Kisumu. Sitaki askari aje kuuchukua mbele ya mke wangu.

Mama Atieno amesema, "Baba Atieno, si ungengoja kidogo tuone?" Nimemjibu vibaya. Nimemwambia mambo ya serikali hayangoji wanawake wamalize kuona.

Jumamosi, 16 Machi

Basi la asubuhi. Ofisi ya mifugo ilikuwa inakaribia kufungwa. Kijana mmoja mlangoni akapokea mkoba, akausukuma chini ya benchi kwa mguu. Nilimsomea vilivyomo: sindano nne, chupa, koleo la kuhasi, kile chuma chenye ncha na mrija wake cha kutobolea ng'ombe aliyejaa gesi. Akaitikia tu ndiyo, ndiyo, mzee.

Nilitembea hadi ziwani nikanunua samaki wa nyumbani. Mkono wa kulia ulikuwa mwepesi, sikujua niuweke wapi.

Jumapili, 17 Machi

Kanisani. Mvua tangu mchana.

Apiyo alikuja, ndama wake amezidiwa. Nimemrudisha. Alisimama mlangoni muda mrefu, kama hakunisikia.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua. Ndama wa Apiyo amekufa. Nyasi changa zimeota pote kando ya kijito. Nimesema ng'ombe wasifunguliwe mapema nyasi zikiwa na maji. Angalau kusema hakuhitaji cheti.

Jumanne, 19 Machi

Niandike tu.

Ng'ombe wa Atieno alikata kamba alfajiri akaingia kwenye majani mabichi ya kijito. Mama Atieno alimkuta kama saa mbili. Ubavu wa kushoto umepanda juu ya mgongo, umekaza kama ngoma. Ulimi nje.

Tulimnywesha mafuta ya kupikia, yote yaliyokuwemo ndani. Nikamfunga kijiti mdomoni atafune atoe gesi. Tukamsimamisha miguu ya mbele juu ya kichuguu. Onyango akaja, tukamkanda ubavu. Haikusaidia. Akaanza kuyumba.

Mama Atieno aliingia jikoni akatoka na kisu. Aliniwekea mkononi.

Mahali napajua. Kushoto, upana wa kiganja kutoka ubavu wa mwisho. Nimetoboa ng'ombe wangapi Kitale. Chuma ni bora, lakini kwa kisu pia nimewahi, na ng'ombe akazaa mara mbili baada ya hapo. Niliweka kidole pale pale. Ngozi ilikuwa inatetemeka.

Nikasema siwezi, ni kinyume cha sheria. Nilisema hivyo kwa mke wangu. Onyango alinitazama usoni, kisha akatazama chini. Nikasema nakwenda kumtafuta daktari mwenye cheti. Nikampa kisu Onyango ashike, naye hajui lolote, nikachukua baiskeli.

Pap Onditi nikaambiwa daktari yuko Kisumu, labda Alhamisi. Barabara matope, mnyororo ukatoka mara mbili. Niliporudi, ng'ombe alikuwa amelala ubavu, macho wazi. Mama Atieno ameketi chini matopeni, kichwa cha ng'ombe kwenye mapaja yake.

Nilimwacha afe. Si mbunge, si naibu wa chifu. Mimi.

Jumatano, 20 Machi

Wanaume walikuja na visu na vikapu, kama desturi. Nyama ya ng'ombe aliyekufa kwa gesi huliwa, hakuna asiyejua. Mama Atieno akasimama langoni. Akawaambia huyu haliwi. Wazee wakajaribu, mama, nyama yote hii, hata ngozi? Akasema hata ngozi.

Sijawahi kuona ng'ombe akizikwa mzima isipokuwa kwa tauni. Nimechimba na Onyango tangu saa nne hadi jioni. Wengine walikwenda zao wakinung'unika. Viganja vimechubuka. Nimefurahi vimechubuka.

Alhamisi, 21 Machi

Hasemi nami. Chakula ananiwekea, kimefunikwa vizuri. Ndama wa yule ng'ombe analia.

Ijumaa, 22 Machi

Nilikwenda Kisumu. Nilitaka kuuliza tu mtu kama mimi anaweza kupata cheti wapi.

Safari hii nilimkuta karani mwenyewe, mtu wa Nyeri, mwenye miwani. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Lakini mzee, hiyo bado ni mjadala. Muswada haujapita. Wameupeleka kwa kamati, na kile kifungu kinachowabana wasaidizi wa mashambani wanataka kukitoa. Nani alikuambia ulete mkoba?"

Nilisema hakuna. Ni kweli, hakuna aliyeniambia. Hata naibu wa chifu hakuutaja mkoba.

Akauvuta kutoka chini ya benchi. Panya wamekula ukingo wa ngozi. Akaufuta vumbi kwa leso yake mwenyewe, akasema, "Hii ni mali yako, mzee. Pole sana." Hakujua pole hiyo ni ya nini. Nikaubeba mkoba hadi kituo cha basi.

Jumamosi, 23 Machi

Sijamwambia. Mkoba nimeuficha ghalani, nyuma ya mtama. Mtu mzima kama mimi.

Jumapili, 24 Machi

Nimemwambia. Baada ya kanisa, akichambua mboga. Nimesema sheria haikuwepo. Ilikuwa maneno yao tu, wanajadiliana. Nami niliyachukua kama tangazo la karantini.

Aliendelea kuchambua. Alipomaliza akamwaga maji, akaingia ndani. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 25 Machi

Onyango alikuja mbio. Dume lake, lile lililonipiga teke, limejaa gesi. Hakuniomba. Alisimama tu uani akihema, macho kwangu, kama mtu anayejua ameshakataliwa.

Nikaenda ghalani. Tulivuka kijito, Mama Atieno nyuma yetu kwa mbali, sikumwita. Kushoto, upana wa kiganja. Chuma kikaingia, nikachomoa ncha, mrija ukabaki. Upepo ukatoka kwa kishindo, harufu ya nyasi zilizooza. Ubavu ukashuka tukiuona. Dume likacheua. Onyango akalia machozi, akanishika mkono, akaniita daktari.

Nilipogeuka, Mama Atieno alikuwa anarudi nyumbani. Nilimwona mgongo tu.

Jumatano, 27 Machi

Mvua. Ndama ameanza kula majani. Redio siwashi.

Alhamisi, 28 Machi

Asubuhi Onyango ametuma maziwa, shukrani ya dume lake. Kibuyu kimejaa.

Mama Atieno bado huamka saa ile ile ya kukamua. Nilimsikia leo akikiosha kibuyu chake cha zamani, akikipitisha moshi, akikitundika kitupu. Kisha akapika chai kwa maziwa ya Onyango. Akaniletea kikombe, na chake, akaketi kando yangu barazani. Ni mara ya kwanza tangu siku ile. Nilifurahi, na nikaona aibu kufurahi.

Tulitazama mvua ikipungua. Pale tulipozika udongo umeanza kutitia, itabidi niongeze.

Hakunitazama. Akasema, "Kumbe ni kitu cha dakika moja."

Nikasema ndiyo.

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeelezwa njia ya kwenda mahali. Tukakaa. Chai yake hakuinywa, nayo yangu ikapoa.