Kompyuta Iliyokuwa Ikikusomea

Mpendwa Mama Nyangi,

Kilichonishtua kwanza ni herufi, macho yako nilikuja kuyafikiria baadaye. Ulikuwa unachapa mtihani wa Historia pale ofisi ya walimu, mimi nikaingia na sahani ya mihogo, na kabla sijakufikia nikaweza kusoma swali zima nikiwa bado mlangoni. Nikakuuliza, "Mwalimu, huo ni mtihani au bango la mkutano?" Wenzetu wakacheka. Wewe hukucheka. Ulisema tu, "Nazikuza ili nizione," ukaendelea kuchapa.

Tulijua una sukari. Uliishi nayo tangu ulipombeba Nyangi tumboni, ukawa unapima, unakula ugali wa mtama, unamkatalia kila aliyekukaribisha soda. Hatukujua kwamba ilikuwa inaingia machoni taratibu. Daktari wa Mwanza alipotueleza kuhusu mishipa iliyokuwa inavuja ndani ya jicho, wewe ndiye uliyeuliza maswali. Mimi nilikuwa nimeshika mkoba wako tu. Tukiwa njiani kurudi Machochwe uliniambia, "Nitafundisha. Wewe nitafutie namna ya kuandika."

Basi nikatafuta. Mimi mtu wa Songea, niliyeletwa na serikali huku Serengeti kufundisha Kemia, sikuwa fundi wa kompyuta. Nilichojua ni kuwasha, kuchapa na kuchapisha. Nikaanza na vile vilivyomo ndani ya Windows yenyewe. Tulipata kile kioo cha kukuza, unabonyeza kitufe cha Windows pamoja na alama ya kujumlisha, na skrini inavimba mpaka neno moja linajaza kioo kizima. Kilikusaidia kwa muhula mmoja. Kisha tukageuza rangi, skrini nyeusi na herufi za njano, na ukasema sasa unaona kama mtu anayetazama moto kwa mbali. Hata hiyo nayo ikafika mwisho.

Siku ulipokubali kwamba skrini haikusaidii tena, tuliwasha ile sauti ya kusoma iliyokuja na Windows. Unakumbuka tulivyocheka? Haikujua Kiswahili hata chembe. Ilisoma "Elezea sababu za Vita vya Majimaji" ikayavunja maneno vipande vipande. Ukasema, "Huyu ni mtalii aliyeshuka Seronera jana." Nyangi alianguka kwenye kochi kwa kicheko. Ulicheka mpaka ukajifuta machozi kwa ncha ya kitenge, na sikuweza kujua ni machozi ya kicheko peke yake.

Tukajaribu nyingine. Ile ya kwanza ilikuwa nzuri lakini ya majaribio, kila baada ya muda inanyamaza mpaka uzime kompyuta na kuiwasha upya. Ukiwa katikati ya sentensi, kimya. Ya pili niliipakua mwenyewe mjini Mugumu, ambako mtandao ulikuwa na nguvu. Nilibofya kitufe kikubwa cha kijani, nikarudi nyumbani na flashi mfukoni kama mtu aliyebeba dawa. Tulipoifungua, hatukupata sauti yoyote. Tulipata programu ya hali ya hewa ya mji tusioujua, na nyingine iliyodai kompyuta ina makosa mamia kwa mamia na iko tayari kuyafagia. Nilitumia siku nzima ya Jumamosi kuzing'oa. Wewe ulikaa pembeni ukichambua maharage kwa vidole, ukaniambia, kwa lile neno la kwenu la kumwita kijana, "Mura, kitufe kikubwa siku zote huwekwa na mwenye lake. Tafuta kile kidogo."

Ulikuwa sahihi. Nilirudi Mugumu, safari hii nikaingia kwenye ukurasa wa wenyewe wanaoitengeneza, nikakuta programu ya kusoma ya bure, iliyoandikwa na watu ambao wenyewe hawaoni. Ilikuwa na sauti ya Kiswahili. Sauti ya kiume, kavu, kama mtu anayeongea ndani ya debe. Kizuia virusi kiliikataa mara ya kwanza, Windows nayo ikauliza kama kweli naiamini. Nikaiamini. Jioni hiyo ikasoma ukurasa wa kwanza wa notisi zako kuanzia juu hadi chini bila kukwama. Uliweka mkono juu ya meza, ukaunyoosha, kama mtu aliyetua mzigo.

Ukaanza kujifunza upya. Ulinionyesha kitu ambacho sikuwa nimekiona miaka yote niliyochapa, vile vimistari vidogo kwenye F na J, vinavyokuambia vidole viko wapi. Uliacha kutumia kipanya kabisa. Kila wiki uliongeza kasi ya ile sauti, mpaka mimi nikawa sielewi hata neno moja. Nikipita nyuma yako nasikia mvumo kama wa nyuki, na wewe unatikisa kichwa, unasahihisha, unarudi nyuma, unasonga mbele. Niliona wivu kidogo. Mlikuwa mnaongea lugha ambayo mimi sikuifahamu.

Mkuu wa shule hakuwa mtu mbaya. Alikuita akakwambia, "Mwalimu, nafikiri tukuombee upumzike, kwa afya yako." Ukamwomba aje ofisini kwetu. Ukakaa mbele yake, ukafungua faili jipya, ukachapa barua ya mwaliko wa kikao cha wazazi, ile sauti ikikusomea kila mstari, ukaihifadhi, ukaituma kwenye printa. Akaichukua karatasi ikiwa bado ina joto. Hakukuta kosa. Akasema, "Basi ratiba yako ibaki vilevile." Ulipotoka nje nilikufuata. Nilikushika mkono, ukasema, "Usinishike, wanafunzi wanatuangalia," lakini hukuutoa.

Halafu likaja lile la majina. Uliingia darasani na kompyuta ili uwasomee matokeo, sauti ikaanza kuita. Ilipofika kwa Ghati ikatamka kitu ambacho si jina la mtu. Darasa zima likacheka. Binti wa watu akainamisha kichwa kwenye dawati na hakujibu swali lolote siku hiyo. Ulirudi nyumbani umekasirika kuliko siku uliyopewa habari za macho. Ukachimba ndani ya ile programu mpaka ukapata sehemu ya kuifundisha matamshi, unaandika jina lilivyo, kisha unaliandika tena kwa namna ambayo itatamkika sawa. Uliandika la Ghati, ukasikiliza, ukafuta, ukaandika tena. Kisha la Robhi, la Wankuru, la Matinde, mmoja mmoja, darasa kwa darasa. Watoto waliohamia kwetu kutoka Ringwani nao uliwauliza majina yao yanatamkwaje kwao. Jina pekee lililokushinda lilikuwa lako. Ulijaribu "Bhoke" kwa kila namna ambayo herufi zinaweza kupangwa, na kila mara ikatoka b nzito ya Kiswahili. Mwishowe ukasema, "Liache. Sitajiita mwenyewe."

Nakumbuka hayo yote vizuri. Mwezi wa mwisho ndio ninaoukumbuka kwa vipande. Figo zilipogoma tulienda tena Mwanza, na safari hii ulikuwa unasafishwa damu. Kompyuta tuliiacha nyumbani. Nilikuja na insha za kidato cha nne kwenye bahasha kwa sababu ulisema huwezi kulala tu kama gunia. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki nikawa nakusomea. Nilisoma kama ninavyosoma siku zote. Ukafumba macho, ukasema, "Baba Nyangi, ongeza mwendo."

Nikaongeza. Ukasema bado. Nikasoma haraka mpaka maneno yakaanza kugongana mdomoni, mpaka muuguzi akasimama mlangoni akiniangalia. Ulikuwa umezoea mwendo ambao kinywa cha mtu hakiufikii. Ulitabasamu, ukanipapasa goti, ukasema, "Basi, soma unavyoweza." Nikasoma nilivyoweza. Asubuhi iliyofuata, kabla sijaimaliza insha niliyokuwa nimeishika, ulikuwa umeondoka. Niliendelea kusoma mistari kadhaa bila kujua.

Tulikuzika hapa Machochwe, kwenye kiwanja chetu, upande wa ile miti ya mikaratusi. Mama yako alikuja kutoka Nyanungu na dada zake. Kwa heshima ya kwenu kati ya mkwe na mama mkwe, hakuingia chumba nilichokaa, na mimi sikutoka nje alipokuwa amekaa. Baada ya watu wengi kutawanyika, Nyangi alitaka picha yako iliyokuwa ndani ya kompyuta, akaiwasha. Tulikuwa tumesahau. Ulikuwa umeipanga ile sauti ianze yenyewe kila kompyuta inapowaka. Ikavuma kutoka sebuleni, kavu vilevile, kwa mwendo wako ule wa nyuki.

Nje vilio vikaanza upya. Nyangi aliifunga kwa nguvu mpaka nikadhani amekivunja kioo. Baadaye mama yako alimtuma aniulize, "Yule mtu wa kumsomea bado yuko?" Nikamwambia amjibu kwamba yuko. Mama akasema, "Basi naye amefiwa."

Kuna jambo sikuwahi kumweleza mtu. Wiki zilizofuata, shule zikiwa zimefungwa, nilikuwa nakaa na kompyuta hiyo natafuta sauti yako. Niliandika kwenye kile kisanduku cha kutafutia cha Windows kila nilichofikiria, faili za sauti, video, jina lako, jina la Nyangi, sikukuu, harusi. Nilifungua folda moja baada ya nyingine, hata pipa la takataka. Nilikuta mitihani yako yote, notisi, barua za wazazi, orodha za madarasa. Chombo kilichoongea nyumbani kwetu kutwa nzima miaka yote ile hakikuwa na neno hata moja lililotoka kinywani mwako. Hatukuwahi kufikiria kukurekodi. Ulikuwepo, nani angefikiria? Simu yako ya zamani ilishaharibika na mvua kabla figo hazijaanza kukusumbua. Wakati mwingine nakaa najaribu kukusikia ukisema "mura" na nakuta nimesikia sauti yangu mimi.

Nyangi amepata chuo. Ungepiga kigelegele, najua. Anahitaji kompyuta na hii ndiyo tuliyonayo. Juzi aliniletea mezani, akabaki amesimama.

"Baba, naomba uitoe hiyo sauti."

Nikamwambia anaweza kuinyamazisha tu, kuna kitufe.

"Si kuinyamazisha. Kuitoa. Nikiiwasha nageuka kuangalia mama yuko wapi. Nitasoma vipi nikiwa hivyo?"

"Mama yako aliifundisha majina ya watoto wote hawa."

"Najua, Baba. Mimi ndiye niliyekuwa namsomea orodha." Akaanza kulia, kimya, kama ulivyokuwa unalia wewe, bila kuficha uso. "Mama hayumo humo. Umetafuta. Nimekuona ukitafuta."

Sikujua kwamba aliniona.

Jana mchana nikaifanya kazi hiyo. Nilimwomba akae jikoni. Nikaingia kwenye mipangilio, mahali pa kuondolea programu, na kwa kuwa ilikuwa bado inafanya kazi, ikanisomea kila hatua. Ilisoma jina lake yenyewe. Nilikuwa nimeipunguza mwendo ili nielewe, kwa hiyo iliongea taratibu, kama mzee anayesoma bila miwani. Ikasoma swali la kama nina uhakika, Kiingereza kwa matamshi ya Kiswahili. Ikasoma kitufe cha ndiyo. Ikasoma kitufe cha hapana. Nilienda kwenye kimoja, nikarudi kwenye kingine, na kila nilipogusa ikanitajia nilipo, kwa uvumilivu uleule iliokuwa nao kwako. Nikabonyeza ndiyo. Ikaanza kusoma maelezo yaliyofuata, ikakatika katikati ya neno.

Nyangi alitoka jikoni. Hakusema asante na mimi sikutaka aseme. Alikaa kwenye kiti chako, akaifungua kompyuta, akaandika jina lake na namba yake ya usajili wa chuo. Herufi zilikuwa ndogo, za kawaida. Nikamwacha aendelee, nikaenda kusimama nje.

Leo alfajiri nimempandisha basi pale Mugumu. Nimerudi nikakuta meza tupu, na alama ya mraba kwenye vumbi mahali kompyuta ilipokuwa. Sijaipangusa. Naandika kwa kalamu, kama mtu wa zamani.

Walimu wenzangu ni watu wema. Wananiletea maziwa, wananichukulia vipindi nikichelewa. Wakiniuliza kama nimeanza kuzoea, nawaambia naendelea vizuri, wanaridhika, tunaongea habari za mvua. Wewe siwezi kukudanganya, Bhoke. Sijazoea. Na kinachonitisha siku hizi ni kwamba siku moja nitazoea kweli.

Lala salama, mke wangu.

Mumeo,
Baba Nyangi