Kamshafti ya Bwana Walter

Jumamosi, 5 Aprili

Nimefunga sita ya Shawali, na mikono imejaa grisi. Kabureta mpya imekaa. Kamshafti mpya nayo imeingia, fimbo ya chuma yenye nundu ndefu za kuinua valvu zaidi ili injini ipate nguvu. Gari ni la Bwana Walter, jirani yangu hapa Hyattsville, nje kidogo ya Washington. La mwaka sitini na tisa, injini ya V8, silinda nane. Yeye mwalimu mstaafu, Mmarekani mweusi, alisoma Kiswahili chuoni zamani na hajakiacha. Rafiki zake wa mtaa wa Shaw walimwambia alipeleke mji wa Rockville kwa mafundi wa kweli. Akawajibu ana fundi wake. Mimi! Wiki nzima nahudumia wagonjwa, Jumamosi niko chini ya boneti. Nikiliharibu, nimemwaibisha yeye.

Kamshafti ilikuja na karatasi ya maelekezo. Nimefutia mikono, nikaitupa pipani. Baba aliendesha gereji Changamwe miaka thelathini, sikumwona akisoma karatasi hata siku moja.

Jumapili, 6 Aprili

Limewaka! Bwana Walter akapiga makofi. Akataka kukanyaga mafuta, nikamzuia. Injini iliyofungwa upya ni mzazi aliye ndani ya arubaini, haikimbizwi. Ndivyo alivyonifundisha baba: iache ingurume polepole, mtu asipige resi. Tukaiacha saa tatu nzima, tumekaa vitini tunaisikiliza. Raha iliyoje.

Jumatatu, 7 Aprili

Kazini mchana kutwa. Mawazo yote kwenye gari.

Jumanne, 8 Aprili

Linagonga. Tik-tik-tik. Kabureta inakohoa moto, nguvu hakuna. Nimekaza, nimelegeza. Wapi!

Jumatano, 9 Aprili

Nimemwaga oili. Inameta. Ewe Mola wangu, ni unga wa chuma! Nikafungua juu. Nundu mbili zimelika, zimekuwa duara tupu.

Nikaichakura ile karatasi pipani. Herufi kubwa, nyekundu: ikiwaka tu, ipigwe resi ya juu dakika ishirini mfululizo, isiachwe ingurume polepole. Kwa mwendo mdogo oili hairuki kufika kwenye kamshafti mpya. Na mimi niliiacha saa tatu.

Nimeiua kwa mkono wangu.

Nikampigia baba Mombasa. Akaniuliza ni gari gani, nikamwambia. Kisha: "Mwanangu, mimi nilikuwa fundi wa malori ya dizeli. Hiyo injini yenu sijapata kuifungua." Miaka yote hii sikuwahi kufikiri kuna injini asiyoijua baba.

Alhamisi, 10 Aprili

Bwana Walter ameuona unga wa chuma. Anawalaumu waliotuuzia kamshafti, ameshaanza kuwaandikia barua. Nami kimya. Mwoga mkubwa mimi! Nikaaga, nikaenda kufuturu.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimemwambia. Yote, karatasi mkononi. Akaisoma, akavua miwani, akaingia ndani, akafunga mlango. Heri angenitukana.

Jumamosi, 12 Aprili

Nilikwenda kuchukua spana zangu. Nikawakuta rafiki zake watatu wa Shaw wamelizunguka gari. Bwana Walter alikuwa akiwaeleza kwa Kiingereza, wala hakuniona. Kwamba ni yeye aliyeliwasha akaliacha lingurume polepole. Kwamba fundi alimwonya, akajitia kujua. Nilisimama kama niliyepigwa kofi. Yule mzee, ambaye hata umri wake hapunguzi, anasema uongo kwa ajili yangu! Wenzake wakamcheka, wakamtania uzee. Naye akacheka nao.

Nakiri: nilitaka uongo ule usimame. Kitambo kidogo tu nilitaka.

Kisha nikasema hapana, ni mimi. Nikawaeleza zile saa tatu, karatasi, baba, vyote. Kicheko kikakatika.

Bwana Walter akanigeukia na Kiswahili chake cha darasani. "Dada Rukia, mimi nimeshasema uongo tayari. Sasa nifanye nini?"

Nikaokota spana, nikaanza kufungua rejeta iliyo mbele ya injini ili kamshafti ipate njia ya kutoka. Mmoja wa wale watatu akavua koti, akaja kunishikia upande wa pili. Tukafanya kazi mpaka alasiri.

Walipoondoka, Bwana Walter akaniuliza kesho nitakuja saa ngapi. Nikamwonyesha vidole viwili. Akasema saa mbili asubuhi ni sawa, atakuwa ameshaamka.