Olchani ya Shemeji Fausti

Jumatatu, 3 Agosti
Nimepepeta maharage. Nimemkanda mama mkwe magoti. Kisha kaingia shemeji Fausti, mdogo wa mume wangu, na ile kofia ya kuongozea watalii. Haivui hata mezani. Katoka Baray na kichaka alichong'oa miambani: shina limevimba chini kama chungu, maua ya waridi, jani hata moja hakuna. Ati mti wa dawa. Alimuuliza mchungaji wa Kimaasai jina lake, akajibiwa "olchani". Dereva mwenzake akamtafsiria kuwa olchani ni dawa. Basi, utafiti umekwisha.

Jumanne, 4 Agosti
Kaupanda langoni. Nimekwangua gome, likatoa utomvu. Naujua. Kwetu Baray unaota kwenye mawe juu ya kijiji, na mbuzi, wanaokula hata kamba, huupita. Baba alitukataza kukorogea uji kwa kijiti chake. Wahadzabe hupaka sumu yake kwenye mishale. Nimemwambia Fausti. Kacheka, ati mimi najua sufuria tu. Mpumbavu mwenye darubini shingoni.

Alhamisi, 6 Agosti
Kachemsha mzizi. Kwa ajili ya magoti ya mama! Na mama anamwamini, kitindamimba wake anayejua Kiingereza. Kikombe kilikuwa mdomoni nilipokipiga kibao. Kimevunjika. Mama kalia, kaniita mchawi nisiyetaka apone. Mume wangu kaokota vigae, ndiyo kazi yake. Nawadharau wote watatu.

Jumamosi, 8 Agosti
Saitoti, Mmaasai wa Piyaya, kaja kununua mahindi. Nikamwonyesha ule mti mbele ya wote. Fausti, kwa sauti ya kazini: "Olchani!"
Saitoti kautazama, kisha kaonyesha mparachichi wetu. "Na ule ni olchani. Na ule kule. Kwetu mti ni olchani, dawa nayo olchani. Lakini huu ni sumu, mama. Hata kuni zake usipikie."
Fausti kavua kofia. Kumbe ana upara. Nimefurahi mno.

Jumapili, 9 Agosti
Kanisani, kisha nyumbani. Maua bado yako langoni. Mazuri, sibishi.
Jioni nimempelekea mama chai. Kashika kikombe, hakunywa. Kauliza nani kaichemsha.
Nikasema mimi.
Kanywa yote.