Mama Yuko Mwaka wa Kwanza

9 Februari

Mwanangu Chiriku,

Hamjambo huko? Mimi mzima, ila miguu inalalamika, maana madarasa ya chuo kikuu yametawanyika kama mbuzi wasio na mchungaji. Kikohozi cha baba yako kimepungua?

Siku ya usajili nilicheka mpaka machozi. Karani aliniona na begi akaniambia kwa adabu zote, "Mama, wazazi wanasubiri upande ule, kwenye kivuli." Nikamwambia, "Baba, mwanafunzi ndiye mimi." Maskini, alisimama wima kama askari! Tupo walimu kadhaa wa shule za msingi, tumekuja na vyeti vyetu kutafuta shahada, lakini mkubwa kuliko wote ni mimi. Vijana wananiita Shangazi. Kompyuta bado inanichezea shere, ila kwenye ufundishaji wa hesabu sina wasiwasi. Hapo watanitambua.

Darasa langu la pili nililokuachia linakusumbua? Usiwalegezee.

Mama yako

23 Februari

Shikamoo Mama,

Sisi wazima. Kikohozi cha Baba kimekwisha, tatizo sasa ni mapishi yake. Jana aliunguza maharage, akafungua madirisha yote, kisha akaniuliza kwa nini nyumba ina baridi.

Darasa lako halinisumbui, linanikimbiza tu. Mwalimu mkuu anasema niendelee kulishikilia mpaka apatikane mwenye cheti. Najua mimi ni wa kushikiza. Lakini Mama, Jumanne tulikuwa tunagawana vijiti mafungu mafungu, kengele ya mapumziko ikalia, na hakuna aliyetoka! Nilirudi nyumbani nikijiona mrefu.

Baba anauliza chumvi inatiwa kabla au baada.

Binti yako

17 Machi

Chiriku,

Pokeeni salamu. Mwili hauna neno, moyo ndio umelala chini.

Tuna zoezi hapa: mmoja anafundisha, wenzake wanajifanya watoto. Ilipofika zamu yangu nilifundisha hesabu za kutoa kwa mbwembwe zote, na mhadhiri akanirekodi. Baadaye tukaketi kutazama. Mwanangu, kila swali nililouliza nililijibu mwenyewe. Wenzangu wananyoosha mikono, mimi hata siwaoni, nimeshageukia ubao. Mhadhiri hakunisema. Aliuliza tu, "Mwalimu, unaona nini?" Nikakosa pa kuuweka uso.

Miaka yote hiyo kumbe nilikuwa nafundisha ubao. Nimeshafunga begi. Mwambie mwalimu mkuu narudi.

Mama yako

5 Aprili

Shikamoo Mama,

Hujafika na hujaandika. Baba kila akisikia gari anatoka nje na mwiko mkononi. Tuambie tu kama u mzima.

Mwalimu mkuu sijamwambia kitu. Nataka nikwambie wewe kwanza. Nyumbani mliniita Chiriku kwa sababu sinyamazi, lakini nilipokuwa mwanafunzi wako nilikuwa bubu. Unakumbuka? Majibu nilikuwa nayo, Mama. Kabla sijafungua mdomo ulikuwa umeshayasema. Mwisho nikaamini kichwa changu si cha masomo, na hata sekondari nilimaliza kwa kusukumwa.

Sikuandikii kukuumiza. Sisi walimu wengine hatujawahi kuonyeshwa tunavyofanya, wewe umeonyeshwa. Ukirudi sasa utarudi na yale yale. Kaa, Mama. Fungua begi.

Binti yako

12 Mei

Mwanangu,

Mzima mimi, ingawa nimechelewa kuwaambia, na nawaombea uzima nyote. Begi lilikuwa bado mlangoni, naona haya kurudi na haya kubaki. Barua yako niliisoma, nikaenda kufua nguo zangu zote, hata zilizokuwa safi. Kisha nikafungua begi. Nisamehe, mama. Siongezi neno hapo, maana nitaanza kujitetea.

Sasa niko kwenye mazoezi katika shule ya jirani. Juzi niliuliza swali nikaubana ulimi kwa meno. Jasho linanitoka. Mara binti mmoja akasimama akaeleza, akakosea. Mwenzake akampinga, wa tatu akawapinga wote wawili, darasa likageuka soko! Wakalipata jibu wenyewe. Mhadhiri nyuma alikuwa anacheka peke yake.

Jambo lingine. Nimepita ofisi ya udahili hapa chuoni kwetu. Wasaidizi kama wewe, wenye sekondari na uzoefu wa darasani, wana njia yao: kozi ya awali, ukifaulu unaingia stashahada, na kutoka hapo shahada. Usaili ni mwezi ujao.

Safari hii sikujibii. Unataka?

Mama yako

24 Juni

Shikamoo Mama,

Tu wazima kupita kiasi. NIMECHAGULIWA!

Siku zote hizi nilikuwa kimya kwa kuogopa mkosi. Kwenye usaili walinipa daftari la mtoto anayekosea hesabu za kutoa kila mara, wakaniuliza ningefanyaje. Nikasema ningemwambia anieleze alivyofanya, kabla sijamrekebisha. Wakaanza kuulizana wenyewe kwa wenyewe, mimi nimekaa tu! Mwalimu mkuu amelia na kucheka. Amesema nikihitimu nirudi kwake, si kwa kushikiza.

Baba anajifanya ana vumbi machoni. Amewatangazia majirani kwamba nyumba yake ina wanafunzi wawili wa chuo kikuu na mpishi mmoja, na dada yake atakuja kumwonjea vyakula.

Nafika Jumatatu. Ombi moja tu, Mama: usinikumbatie getini, vijana wataniona mtoto. Ngoja tufike chumbani.

Binti yako

27 Juni

Chiriku,

Salamu utazikuta getini, mbele ya watu wote.

Mwanafunzi mwenzako,
Mama