Jiwe la Alama Bado Linaonekana

Shemeji,

Mama anakohoa kidogo, ila ulimi wake ni mzima. Unauliza kama jiwe letu la alama pale chini ya daraja linaonekana, ili uje na mtumbwi ushuke maporomoko. Linaonekana, tena limekauka kabisa. Usije. Mafuriko yalilisukuma jiwe lile mpaka ukingoni, na hakuna aliyegundua. Kaka yako alilitazama asubuhi ile akaniambia, "Maji ni madogo, nitarudi kabla chai haijapoa."

Tangu tumzike, kila nikiamka nalikuta kasia lake pale ukutani linachuruzika maji. Mama amenikataza kulifuta. Anasema mwanawe atadhani tumemchoka.

Ni mimi,
mke wa kaka yako