Jicho Lako Halikuwa Bovu, Bura

Bura, ndugu yangu,

Nimekasirika, na ni wewe tu uliyekuwa ukicheka nikikasirika. Hapa ofisini nikipandisha sauti watu wanakimbilia chai.

Wamekusingizia. Hata udongo wa kaburi lako haujakauka, mkuu wetu ameandika kwenye ripoti kwamba picha za mbuga ya Olbalbal zilizopigwa kutoka kwenye ndege zilisomwa vibaya kwa kuwa “marehemu alikuwa na jicho bovu.” Jicho bovu! Wewe uliyeona kitambi changu kabla ya mke wangu!

Tulivyofanya unakumbuka. Unaweka kipima mwanga juu ya picha, unataja namba, mimi natia nukta kwenye karatasi ya grafu. Penye giza namba ndogo, hizo nyasi. Peupe namba kubwa, huo udongo mtupu. Nilipounganisha nukta ikatokea mbuga yenye nyasi upande mmoja na jangwa upande wa pili, mpaka wa kati umenyooka kabisa. Mama mmoja wa boma la kule akaniuliza, “Baba, kwani ng’ombe wangu wanakula kwa rula?” Mkuu akataka upande mkavu ufungwe, mifugo isiingie. Wazee wakabisha kwamba nyasi zipo, twende tukaone, na kweli zilikuwepo. Ndipo mkuu lawama akakutupia wewe, usiyeweza kujibu.

Basi nikakaa na zile picha. Kila moja inarudia ukingoni kipande cha ardhi kilichomo kwenye mwenzake, na boma la yule mama limetokea kwenye mbili. Nikalipima: namba mbili mbalimbali. Boma lile lile, ndege ile ile, asubuhi ile ile! Nikafuta miwani, nikajilaumu, maana kujilaumu nimezoea. Nikapima tena. Wapi!

Nikaenda kwa fundi picha wa pale Karatu, aliyetusafishia filamu ofisi ilipoishiwa karatasi. Akanipokea kwa furaha: “Mzee, nyingine zilikuwa na giza, nikazing’arisha moja moja. Mteja lazima apendeze!” Bura, Olbalbal aliifanyia kama picha za harusi yako, ulipotoka mweupe hadi mama mkwe akauliza bwana harusi yuko wapi. Nilishindwa hata kumgombeza.

Tukazisafisha upya: karatasi ya aina moja, dawa moja, muda mmoja wa mwanga, urembo marufuku. Ule mpaka ukatoweka. Nyasi zinapungua polepole kuelekea kwenye ukame, kama anavyojua yeyote aliyepita kule kwa miguu. Nikapima tena zile picha za kwanza, namba zikawa zile zile zako: ulisoma sawasawa kilichokuwa mbele yako.

Nikampelekea mkuu. Ramani mpya ameikubali, malisho hayafungwi. Na ile sentensi? “Marehemu hasomi ripoti,” akaniambia, huku anakoroga chai. Wewe ungepata la kumjibu. Mimi nilitoka kwa hasira nikasahau kofia mezani pake, na mpaka leo naona haya kuifuata.

Mkeo anajua kusoma, Bura. Wanao wanajifunza.

Ripoti haiendi wilayani Wasso bila sahihi yangu, na sahihi hapati hadi aifute sentensi ile. Ananitishia uhamisho. Anihamishe! Nitaondoka na godoro langu na kitambi changu, ila kwenye karatasi inayokutukana jina langu halitakaa.

Kwaheri, ndugu yangu. Pumzika, huku chini nabishana mimi.