Nimefika Kajaga kwa Gari

Kinama, Bujumbura

Kaka Hamisi,

Pokea salamu za mdogo wako Zaituni. Baada ya salamu nakuuliza hali yako, hali ya mama na mguu wake, na kama mvua za mwaka huu zimewaachia paa. Mimi ni mzima, na safari hii neno hilo silisemi kwa mazoea. Kaa chini usome, kisha umsomee mama, ila pale nitakapokuambia uruke, uruke.

Jumapili nilikwenda Kajaga, kule ufukweni kaskazini mwa mji, kwa gari. Kwa gari, kaka. Milango minne, yote imefungwa, na mimi ndani. Dakika ishirini na mbili kwenda, kumi na tisa kurudi. Nikala samaki, nikarudi nyumbani, nikaosha mikono kama mtu aliyetoka sokoni.

Najua utasema, ndiyo habari hiyo? Wewe ndiye uliyeniambia kwenye simu, baba alipofariki na sikuja, kwamba mafanikio yameniziba masikio. Maneno hayo nimeyabeba karibu mwaka mzima na leo sitayaficha. Hukujua, sawa, lakini pia hukuuliza. Tangu gari la abiria nililopanda liliposhambuliwa katika vita hii kwenye barabara ya ziwani, miaka mitatu sasa, nilikuwa sijapanda kitu chochote chenye mlango. Kutoka hapa Kinama mpaka mjini ni kilomita saba, natembea. Nina cherehani sita na mafundi watano, nimezipata moja moja kwa mikono yangu, na usiku nilikuwa nalala mlango wazi, katika mji ambao watu wanasukuma kabati mlangoni. Shangazi akatuma hirizi. Nikaivaa, nikaendelea kutembea.

Nesi wa kituo cha afya ndiye aliyeniambia kwamba ninachougua huku wanakiita kuhahamuka, yaani hofu ya jambo lililopita inayokurudia kila siku, na kwamba yuko mama mmoja Mkongomani anayeishi Ubelgiji, Mama Neema, ambaye kazi yake ni kutibu watu wa namna yangu kwa mazungumzo, mmoja mmoja, kwa kompyuta. Unaandika, anasoma, anajibu palepale, tena kwa Kiswahili. Nikacheka. Dawa gani ya kuandikiana? Lakini dawa nyingine zote nilikuwa nimezimaliza.

Sasa sikia kosa letu. Kusoma najua, kompyuta nilikuwa sijui. Kwenye duka la intaneti mjini yupo Mzee Deo, zamani karani wa kupiga chapa, sasa anawaandikia watu barua za kuomba kazi. Nikakaa kwenye benchi pembeni yake, mimi nasema, yeye anapiga na kunisomea majibu. Jumamosi tatu nilimwaga yote. (Hapa uruke, usimsomee mama.) Kwamba tulikuwa kumi na wanane, tukatoka kumi na mmoja, na kwamba mimi nilipita dirishani kwa kumkanyaga mama mmoja aliyekaa karibu yangu. Jumamosi ya tatu nikaomba nichapiwe majibu, nikayasome nyumbani. Nikakuta: "Nashukuru kusikia kwamba ile ajali ndogo haikuumiza mtu."

Kesho yake nilikuwa mlangoni kwa Mzee Deo kabla hajafungua.

"Mzee, ajali ndogo ni ya nani?"

"Mama Zaituni, mutu wa Ulaya hawezi kuandikiwa maneno kama yale. We ni mama mwenye jina. Mi niliweka heshima."

"Na yule mama niliyemkanyaga?"

"Yule nilimuacha. Apana, haiko muzuri kwa barua."

Sikujua nicheke au nimpige. Jumamosi tatu Mama Neema alikuwa anamtibu mwanamke mwingine kabisa, mwenye adabu zake, anayeanza kila sentensi kwa "nina heshima kubwa kukujulisha." Lakini ningemlaumu vipi? Ndivyo walivyomfundisha, barua ya karani haina damu. Nikamwambia basi anifundishe hizo herufi. Akanifundisha bila kununa. Nilianza na maneno manne kwa dakika, sasa ni kumi na tisa, kwa vidole viwili tu.

Ile sentensi ya yule mama niliipiga mwenyewe. Dakika kumi na moja. Akajibu: "Nimesoma. Niko hapa." Hakuniambia si kosa lako. Aliniuliza nilikuwa na muda gani wa kuamua. Nikaandika, sekunde nne. Akauliza tena: "Ukiwa kazini kwako, sekunde nne zinakutosha kufanya nini?" Nikafikiri. Hata uzi siwezi kuutia kwenye sindano. Nililia mpaka mteja wa kompyuta ya pili akaniletea kiti, na mimi nilikuwa nimeshakaa.

Tangu hapo kila Jumamosi ananirudisha palepale, nisimulie upya, kiti kilikuwa rangi gani, nilishika wapi, kwa mkono upi. Na kila mara anauliza hofu ni ngapi katika kumi. Mara ya kwanza nilimwambia kumi na tano, kama unavyotaja bei ukijua mtu atapunguza. Hakupunguza. "Hapa hatupatani, Mama Zaituni. Taja ya kweli." Ya kweli ilikuwa tisa. Juzi ilikuwa nne.

Halafu akanipa kazi ya kukaa ndani ya gari. Jirani yangu Saidi, fundi magari, ana gari moja limekaa juu ya mawe, halina magurudumu. Kila asubuhi naingia humo, kwanza mlango wazi, baadaye umefungwa, navuta pumzi kwa nne, naitoa kwa sita. Saidi akipita na spana yake:

"Mama Zaituni, leo umefika wapi?"

"Rumonge."

"Jana pia ulikuwa Rumonge. Njia iko mubaya?"

"Dereva wangu mvivu."

Wiki ya tatu akanifungulia gari lenye magurudumu. Tukaenda Zone Industrielle, kule kwenye viwanda, kuchukua uzi kwenye bohari, nimetoa kichwa dirishani kama mbuzi, mafundi wa Saidi wananipungia mikono. Kisha Kajaga.

Mama Neema hanidanganyi. Anasema kuna hofu ya zamani na hofu ya leo, na ya leo nisiitupe, kwa sababu vita haijaisha. Kwa hiyo nimeuliza wanaojua. Magari ya kusini, ya kuja huko nyumbani, sasa yanatoka asubuhi kwa msafara, yana askari mbele na nyuma. Nimechukua kiti cha mbele, Alhamisi ya tatu kutoka leo, nije kwenye hitima ya mwaka ya baba. Dereva amenieleza wazi kwamba ndani ya msafara hawezi kusimama kwa ajili ya mtu mmoja, na mimi nimekubali. Naogopa na nafurahi, yote kwa pamoja.

Nisalimie mama, umwambie siku ya kufika, saa usimtajie. Nisalimie shemeji yangu na watoto, nawaletea sare za shule, ila nimekadiria tu, sijui wamerefuka kiasi gani. Shangazi mwambie hirizi yake ninayo.

Na wewe kaka, nijibu neno moja tu kwa atakayekuletea barua hii: baba amelala upande gani wa makaburi. Nikifika nataka niende mwenyewe, bila kuonyeshwa.

Ni mimi mdogo wako,
Zaituni